Bomba la Kasingirima

Rusimbi, Kigoma
3 Agosti 1997

Shemeji Nathaniel,

Sitaanza na "natumaini barua hii itakukuta mzima," kwa sababu mtu anayekaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi pale Mfuko wa Miji, asipokuwa mzima yeye, nani atakuwa mzima? Sisi huku tupo. Dada yako Leonida anaendelea kufundisha, kikohozi kimemwacha, na anakusalimu kwa maneno ambayo sitayaandika yote. Anasema mlipokuja Juni kutukagua ulimalizia samaki wake, migebuka ya kuchoma, ukapanda treni, ukapotea moja kwa moja.

Lakini leo nakuandikia kama mweka hazina wa mji huu. Wewe na wenzako mlikaa kwetu wiki nzima mkifungua vitabu. Mlitafuta deni lililofichwa, hamkuona. Mlitafuta ushuru uliopotea njiani, mkaukuta benki. Na siku ya kuondoka uliniambia pale stesheni kwamba mji wetu ni msafi, na kwamba Mfuko ukitupa daraja zuri la kukopesheka tutapata mkopo wa kuvuta maji kutoka ziwani hadi mtaa wa Kasingirima. Maneno hayo niliyabeba nikaenda nayo Kasingirima. Sasa wanachimba mtaro.

Usishtuke. Unajua mwenyewe desturi yetu. Serikali haileti kitu mahali ambapo wananchi hawajaanza. Darasa linajengwa na wazazi hadi kwenye lenta, ndipo bati linakuja. Basi kila Jumamosi watu wanatoka na majembe kwenye msaragambo, kazi ya kujitolea, wanachimba kutoka ufukweni wanapanda nao, na nyimbo zao nazisikia hadi huku nyumbani.

Anayewaongoza ni Mélanie Ndayikunda, ambaye wote tunamwita Mama Anésie. Ulimwona, yule mama mrefu aliyekuuliza kama bomba litakuwa na kufuli. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa msichana, akaolewa hapa hapa Ujiji na mzee Gahungu, Mrundi mwenzake, na hajawahi kulala kambini. Nusu ya kundi lake ni watu kama yeye, nusu ni Waha wenyewe.

Sasa sikiliza. Tangu mwezi uliopita kuna maneno kwamba Warundi wote wanaoishi nje ya kambi watakusanywa kwa magari na kupelekwa kambini, wa zamani na wa juzi, bila kuchagua. Mama Anésie ana pa kwenda. Binti yake, Anésie, ameolewa Kalinzi, na wakwe wana shamba la kahawa juu kule milimani ambako gari la askari halifiki kirahisi. Mzee Gahungu, ambaye macho yameshamwishia, amekwisha kupelekwa. Mama Anésie mwenyewe amebaki kwa ajili ya kadi.

Unazikumbuka kadi. Mfuko wenu ndio uliodai kwamba kila kaya itakayolipia maji iwe na kadi ya mteja, yenye jina, namba ya nyumba na mhuri wa mji. Najua kadi ya maji si uraia. Lakini askari akiingia ndani akaonyeshwa karatasi ya serikali kwamba huyu ni mteja wa mji, anaweza kusita, na akisita mimi nitapata nafasi ya kwenda kuongea. Tatizo ni kwamba siwezi kutoa kadi kabla ya mkataba kusainiwa, na mkataba hausainiwi kabla ya daraja kutangazwa.

Kwa hiyo swali langu ni moja tu, shemeji. Lini?

Elinipa


Dar es Salaam
22 Agosti 1997

Shemeji Elinipa,

Barua yako nimeisoma ofisini nikacheka hadi katibu muhtasi akachungulia mlangoni. Mwambie dada namwomba radhi, na nikija tena nitakuja na mchele wa Kyela, asinifukuze.

Kuhusu kazi, nikuambie kitu ambacho sikupaswa kukisema. Kwa vitabu vyenu peke yake, hakuna mji tuliokagua mwaka huu uliowazidi. Ushuru wa dagaa pale Kibirizi unakusanywa na unaonekana. Mishahara ya watu wenu hailali. Hakuna anayewadai akaja kulalamika kwetu. Faili lenu limekwisha kwenda juu, na huko juu kuna mambo mengine yanayoangaliwa ambayo si ya mji, ni ya jumla. Taratibu ni ndefu, unazijua.

Kitu kimoja kimetuletea usumbufu, nacho ni huo mtaro. Mwenzangu Rodgers, yule mliyemlaza kitanda cha wageni, ameuandika kwenye ripoti kama ahadi ambayo mji umeitoa bila kuwa na fedha zake. Kwa macho ya Mfuko mtaro usio na bomba hauhesabiwi kuwa mali, unahesabiwa kuwa deni linalokuja. Nilijaribu kumweleza habari ya msaragambo akaniuliza nani aliidhinisha matumizi. Nikamwambia hakuna matumizi, ni majembe ya watu. Akaandika hivyo hivyo. Nakuomba wasimamishe kuchimba kwa sasa.

Huyo mama mwambie asubiri kidogo. Mambo yako njiani.

Nathaniel


Rusimbi
14 Septemba 1997

Shemeji,

Nimewaambia wasimamishe, wamenicheka. Mama Anésie alisimama ndani ya mtaro, udongo hadi magotini, akasema, "Bwana Hazina, bomba likifika likakuta hatujachimba, si watalipeleka kwenu Rusimbi?" Wote wakaangua kicheko, na jembe likaendelea. Nilirudi nyumbani na viatu vyangu vya ofisini vimejaa tope.

Juzi alikuja ofisini. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, nikajua hakuja kwa mazungumzo ya kawaida. Alikataa kiti. Akasema kule Kagunga na vijiji vya mpakani magari yameanza, watu wamebebwa na masufuria yao. Akasema, "Nambie ukweli kama ungemwambia mama yako. Niende Kalinzi kwa mume wangu, au nikae?"

Nikamwambia akae. Alikuwa bado na kiporo cha wasiwasi, akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia shemeji yangu yuko kwenye ofisi yenyewe na ameniandikia kwamba mambo yako njiani. Hapo alitulia. Alinipa mkono kwa mikono miwili kama wanavyofanya wao, akaenda.

Usiku dada yako hakunipa usingizi. Anasema kwa nini nisichukue mhuri, nikagonga kadi hizo kesho asubuhi, mkataba utanikuta mbele. Nimemwambia kadi bila mkataba ni kughushi, na mji huu umepata alama zake kwa sababu hatughushi. Akaniuliza alama zinaliwa na nini. Tumenuniana tangu hapo, tunaongea kupitia kwa paka.

Nathaniel, umeandika kwamba huko juu kuna mambo mengine ambayo si ya mji. Sentensi hiyo nimeirudia sana na haishuki kooni. Sisi wawili hatujawahi kufichana. Nilipomposa dada yako ni wewe uliyeniambia baba yenu anapenda nini na anachukia nini. Basi kama kuna kitu, kiseme. Kikiwa kibaya nitakipokea, lakini nikipate mapema, kwa sababu kuna mtu ameacha kukimbia kwa neno langu.

Elinipa


Dar es Salaam
20 Oktoba 1997

Shemeji Elinipa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza na kuichana hadi nimechoka.

Ombi la mji wenu limekataliwa. Lilikuwa limekwisha kukataliwa siku ile nilipokuandikia kwamba mambo yako njiani. Nilikuwa nimeandika rufaa kwa mkono wangu, nikaamini itapinduliwa kabla hujajua chochote, na wewe usingepata hata nafasi ya kuhuzunika. Wiki iliyopita rufaa nayo imerudi. Hapana.

Nikueleze ilivyo, kwa sababu najua utatafuta kosa kwenye vitabu vyako, na hutaliona. Fedha za Mfuko zinatoka nje, na wenye fedha wana kanuni moja isiyogeuzwa: mji haupewi daraja la juu kuliko la nchi yake. Nchi yetu inadaiwa kila upande. Madeni mengine yalikopwa mimi nikiwa navaa kaptula za shule. Mwaka huu wamepiga hesabu upya, deni la serikali limevimba, wamelishusha daraja la nchi, na kila mji uliokuwa juu yake umeshushwa hadi pale. Ninyi mlikuwa juu kuliko wote, kwa hiyo mmeanguka kuliko wote.

Niliwapinga. Waliniambia nusu ya fedha mnazotumia ni ruzuku ya Hazina, na Hazina ikibanwa ilipe wadai wa nje, ruzuku ndiyo inakatwa kwanza. Nikawaambia ushuru wa dagaa peke yake unaweza kulipa mkopo huu. Wakaniuliza, je, serikali ikiuhitaji ushuru huo kesho kwa madeni yake, mji utakataa kuutoa?  Wewe ungewajibu nini?

Mama yule aende Kalinzi. Mwambie leo hii hii ukimaliza kusoma, usingoje jioni.

Nathaniel


Rusimbi
12 Novemba 1997

Nathaniel,

Reli ilikatika kwa mvua huko kati, mifuko ya posta ikalala njiani. Barua yako nimeipata Jumamosi iliyopita. Magari yalikuwa yamepita Kasingirima Jumamosi ya kabla yake.

Nitakueleza kama nilivyoona na nilivyosimuliwa na walioachwa, kwa sababu Leonida anasema lazima ujue.

Ilikuwa siku ya msaragambo. Askari hawakuhangaika kugonga mlango hata mmoja. Watu wote waliowataka walikuwa wamekusanyika mahali pamoja, ndani ya mtaro, majembe mikononi, na wengine bado wanaimba. Waliambiwa watoke mtaroni. Wakaulizwa mmoja mmoja. Lugha zetu hizi, Kiha na Kirundi, mtu wa Dar hawezi kuzitenganisha, lakini palikuwa na mtu wa hapa hapa aliyewajua kwa majina. Waha wakaambiwa wasimame upande huu. Wengine wakapakiwa. Walioachwa hawakujua wafanye nini na majembe yao, wakayaegemea wakitazama.

Mama Anésie hakulia wala hakukimbia. Alimwambia mkubwa wao kwamba yeye ni mteja wa mji, na kwamba Bwana Hazina ana jina lake. Wakaja naye hadi ofisini, nilikokuwa nimekwenda kumalizia hesabu za mwezi. Yule mkubwa alikuwa kijana wa heshima, alinipigia saluti. Akaniuliza, "Mzee, huyu mama anasema ana kadi ya mji. Ni kweli?"

Nikasema kadi ziko njiani.

Akaniuliza kama kuna yoyote ambayo imekwisha kutolewa. Nikasema bado. Akanishukuru, akamshika mama mkono, si kwa ukali, wakatoka. Mama hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kabati la mafaili nyuma yangu, nadhani alifikiri nitageuka nilifungue.

Sina la kukuambia zaidi. Vitabu vya mji viko sawa hadi mwisho wa Oktoba.

Elinipa


Rusimbi
7 Desemba 1997

Nathaniel,

Ni mimi, dada yako. Mume wangu hatakuandikia tena, au hatakuandikia kwa sasa, sijui. Anakaa mezani na karatasi mbele yake, kisha analala bila kuandika. Kwa hiyo utanisikiliza mimi.

Ulipokuwa mdogo ulivunja chungu cha mama ukakisimamisha vizuri ukutani ili nyufa zisionekane. Mama alikitia maji ya moto, yakamwagikia miguu. Ulilia kuliko yeye. Ulisema ulitaka kutafuta kingine kabla hajajua. Sikukumbuka habari hiyo kwa miaka mingi, sasa naikumbuka kila siku.

Nimekasirika na wewe. Ulikuwa na siku nyingi. Neno moja tu, "aende," hata kwa simu ya upepo pale stesheni, hata kwa mtu yeyote anayepanda treni. Mama Anésie angekuwa Kalinzi anachuma kahawa. Badala yake ulimlinda shemeji yako asihuzunike.

Na yeye nimemkasirikia. Amenyooka kama rula. Mhuri ulikuwa kwenye droo yake. Hakuna ambaye angemwuliza, na hata angeulizwa, angeulizwa baadaye. Nimemwambia hivyo, akanijibu kwa sauti ndogo kwamba angegonga kadi moja tu ya uongo, wenzake wote wangefungua droo zao pia. Inawezekana ni kweli. Lakini nalala kitanda kimoja na mtu huyo, na sijui nimshike au nimsukume.

Sasa sikia yaliyobaki. Hapa mjini wanasema mkopo ulikuja, Elinipa akaula. Wanasema shemeji yake yuko Dar kwenye ofisi ya fedha, wamegawana. Alikwenda Kasingirima kuwaeleza. Nilimfuata. Alisimama akawaambia ukweli wote ulivyo: kwamba mji wetu ni mzuri, haudaiwi, alama zake ni za kwanza, lakini nchi inadaiwa na kwa hiyo mji umeshushwa. Nathaniel, nilikuwa nasikiliza kwa masikio ya wale watu, na ilikuwa kama porojo za mwizi. Mzee mmoja aliuliza, "Kwa hiyo sisi tumelipa kodi, hatudaiwi na mtu, na tumenyimwa kwa sababu ya deni la nani?" Elinipa akasema la serikali. Mzee akauliza, "Serikali si ndiyo wewe?"

Mvua imeujaza mtaro. Watoto wa shule yangu wanachota maji humo kwa sababu ni karibu kuliko ziwani, nimewapiga na bado wanachota. Wiki hii wawili wako hospitali kwa kuhara. Halmashauri imeamua mtaro ufukiwe, na vibarua wa kuufukia watalipwa, hela ya hiyo imepatikana.

Anésie alishuka kutoka Kalinzi kwa miguu kumtafuta mama yake. Tulimwambia sisi. Alikaa kwenye mkeka wetu hadi chai ikapoa. Kisha akaomba tusimpelekee baba yake habari. Mzee haoni, hatoki nje ya ua, na kila jioni anauliza kama Mélanie amepata kadi.

Usije. Nilitaka uje usimame Kasingirima useme wewe mwenyewe, lakini Elinipa amekataa. Anasema watakupiga.

Leonida


Dar es Salaam
11 Januari 1998

Shikamoo dada,

Nimeisoma barua yako na sina cha kukanusha. Nimeiweka kwenye mfuko wa koti na naitoa kila mahali, kwenye foleni, kanisani.

Naomba useme jambo moja kwa Elinipa, kwa sababu najua analala nalo. Hata kama kadi zingekuwepo, zisingewasaidia. Nimeuliza hapa watu wanaojua. Kuna waliokuwa na stakabadhi za kodi za miaka ishirini, wengine wana vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa hospitali zetu, na walipakiwa hivyo hivyo. Asijihukumu kwa kadi.

Kuna mazungumzo kwamba wakubwa wa nje wanaweza kuisamehe nchi sehemu ya madeni. Ikitokea, daraja la nchi litapanda na la mji litafuata. Nimewaomba faili la Kasingirima lisichomwe. Inaweza kuchukua miaka mitatu, minne, lakini lipo, nimelishika kwa mkono wangu.

Nimeomba kuhamishwa kutoka idara ya ukaguzi. Sitaki tena kwenda kukaa kwenye nyumba za watu, nile chakula chao, kisha niwape alama.

Mdogo wako,
Nathaniel


Rusimbi
25 Januari 1998

Nathaniel,

Nimemwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Labda zisingesaidia. Sasa hatutajua." Halafu akaenda kulala, jua halijazama.

Faili lenu litunzeni.

Leonida


Kambini, Kasulu
15 Februari 1998

Kwa Bwana Hazina Elinipa, na mwalimu mama Leonida,

Amahoro, amani iwe kwenu. Mimi Mélanie Ndayikunda, Mama Anésie wa Kasingirima, niko hai, Imana ishimwe, Mungu asifiwe. Naandika mwenyewe kwa Kiswahili cha kanisani, mtanivumilia. Anayeleta barua hii ni katekista, ana kibali cha kutoka.

Tulifika siku ya pili yake. Njiani gari lilinasa kwenye tope, tukalisukuma sisi wenyewe. Wanawake wa mtaro tuko mstari mmoja wa mahema, hatukutengana. Nilipewa hema, blanketi, sufuria, na karatasi yenye jina langu. Karatasi hiyo imeandikwa kwamba nimeingia Tanzania mwaka 1997. Niliwaambia nimeingia mwaka 1972, nina mtoto aliyezaliwa Ujiji na mtoto huyo ana watoto. Yule msichana wa kuandika alisema kwenye mashine yake hakuna pa kuweka hiyo.

Bwana Hazina, sikukasirikia wewe. Mwanzo nilikasirika. Nilipokuwa ofisini kwako nilikuwa nasema moyoni, sema ndiyo, ni neno dogo tu. Lakini nimekaa huku nikafikiri, wewe ni mtu ambaye tangu nimekujua hujawahi kusema ndiyo mahali pa hapana, na kwa sababu hiyo ndiyo nilikuamini nikakaa. Sasa niamue ninakutaka uwe mtu gani? Nimeacha kukasirika.

Nimesikia kwamba maji hayakufika. Mtu aliyekuja mwezi uliopita alisema mtaro umefukiwa na watu wanateka maji ziwani kama zamani. Alisema sababu ni deni la nchi. Wenzangu hawakuamini. Mimi nimeamini, kwa sababu uongo hautungwi namna hiyo.

Basi nikuambie jambo la huku, utaona vile lilivyo. Huku kuna bomba. Wazungu wameleta tangi kubwa, na bomba linapita mbele ya mahema. Liko karibu na mimi kuliko lile tulilolichimbia lingekuwa karibu na mlango wangu. Maji ni mengi, ni meupe, hayana harufu. Nilimwuliza fundi wao ni mkopo wa nani, akashangaa, akasema si mkopo, ni msaada kwa wakimbizi. Nikamwuliza, na mji wa Kigoma nao hauwezi kupata? Akasema Kigoma ni mji wa serikali, wao wakope. Siku ya kwanza nilikataa kuyachota. Wenzangu walinionea huruma wakanichotea. Sasa nachota mwenyewe. Nakunywa, nafua, na kila ndoo nawakumbuka watoto wa mwalimu Leonida, na nasikia vibaya mno.

Kutoka siwezi. Kibali cha kwenda hata shambani kinaombwa, na wanaotoka bila kibali wakikamatwa wanarudishwa ng'ambo, Burundi, ambako sina mtu wala sijui tena njia ya nyumbani kwetu.

Nina ombi moja tu. Mzee wangu Gahungu yuko Kalinzi, unajua hali yake. Anésie amenitumia neno kwamba mzee ameanza kusema atashuka Ujiji kunitafuta, ashikwe mkono na yeyote. Akijua niko kambini atakuja huku, namjua, atakuja hata kwa kutambaa, na akiingia hatatoka, na kwa mapafu yake mabovu hatamaliza masika ndani ya hema. Anésie akimwambia kitu anajua kwamba ni cha kumtuliza tu. Lakini wewe anakuheshimu. Husema, yule Bwana Hazina akisema jambo, ni hivyo.

Panda Kalinzi, nakuomba kwa mikono miwili. Kaa naye, mle pamoja. Mwambie umeniona kwa macho yako juzi Jumamosi, niko Kasingirima na wenzangu, tunachimba. Mwambie kadi ziko njiani.

Mélanie Ndayikunda